Kutafuta breka na nyaya: kifaa kipi kwa kazi ipi

Kisanduku cha breka kisicho na maandishi ni cha kawaida, na chenye maandishi ya uongo ni cha kawaida zaidi. Unazima breka iliyoandikwa "jikoni" ili ubadili soketi, na soketi bado ina moto. Vifaa vya kufuatilia saketi vimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hili, ila vinauzwa kwa majina yanayofanana huku vikifanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Wengi wanaojuta baada ya kununua walipata kifaa kizima, lakini cha kazi nyingine.

Kabla ya kulinganisha, jibu maswali mawili. Waya unaoutafuta una umeme, umezimwa, au umekatika? Na unachotaka kujua ni breka inayoulisha tu, au pia njia unayopita ndani ya ukuta? Majibu hayo yanaondoa nusu ya vifaa vilivyoko sokoni.

| | Kitafuta breka cha plagi | Seti ya toni | Kifuatiliaji cha kitaalamu | Maltimita na waya mrefu |
|---|---|---|---|---|
| Hali ya waya | Lazima uwe na umeme | Lazima uwe umezimwa | Hali zote mbili | Lazima uwe umezimwa |
| Kinajibu nini | Breka ipi inalisha soketi hii | Waya upi katika bando | Breka, njia ya waya, mahali ulipokatika | Ncha hii na ile ni za waya mmoja? |
| Kufungua kisanduku | Hapana | Mara nyingi ndiyo | Inategemea kazi | Ndiyo |
| Kinashindwa wapi | Breka iliyozimwa, UPS (kifaa cha umeme wa akiba chenye betri), soketi yenye kichujio | Waya wowote wenye umeme wa nyumba | Bomba la chuma, nyaya nyingi zilizobanana | Kuonyesha njia ya waya ukutani |
| Kujifunza | Dakika chache | Dakika chache | Siku kadhaa za mazoezi | Unahitaji kujua saketi |

Kama lengo ni kuandika majina kwenye kisanduku cha nyumba ya kawaida, nunua kitafuta breka cha plagi, kisha thibitisha kila jibu kwa kuzima breka. Kifaa cha kitaalamu kinarudisha gharama yake pale tu unapotafuta waya ndani ya ukuta mara kwa mara, au kwenye majengo ambayo umeme wake haukatwi hovyo.

Kitafuta breka cha plagi

Kina vipande viwili: kitumaji kinachochomekwa kwenye soketi, na kipokezi kinachoshikwa mkononi mbele ya kisanduku. Kitumaji huvuta mkondo mdogo kwa mapigo ya haraka, maelfu kwa sekunde. Mkondo huo unatoka kwenye breka, unapita waya wa fezi hadi kwenye soketi, kisha unarudi kwa nyutro. Popote unapopita unazaa uga wa sumaku. Kwenye breka kuna fezi peke yake, tena mara nyingi imezungushwa kwenye koili ndogo ya kukatia shoti, kwa hiyo uga unasikika vizuri hata kupitia uso wa plastiki. Hulazimiki kufungua kifuniko, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukipendekeza kwa mtu asiye fundi.

Ukutani mambo ni tofauti. Fezi na nyutro zinakwenda sambamba, zimebeba mkondo ule ule lakini kwa mielekeo inayopingana, na uga wa mmoja unaufuta wa mwenzake. Kwa hiyo usikitumie kifaa hiki kufuata njia ya waya, hata kama maelezo ya boksi yanadokeza kwamba kinaweza.

Hatua zake ni hizi:

1. Ondoa ekstensheni yenye kinga ya radi au kichujio. Kitumaji kichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Vichujio hivyo vimewekwa humo ili kumeza masafa ya juu, na ishara ya kitumaji ni masafa ya juu.
2. Hakikisha taa ya kitumaji inawaka. Isipowaka, breka imeshazimwa au soketi ni mbovu, na kipokezi hakitakuwa na cha kusikia.
3. Zima kipokezi na ukiwashe upya kwa kila saketi mpya. Kipitishe polepole juu ya breka zote, safu zote, bila kuruka hata moja. Katika vifaa vingi mzunguko huu wa kwanza ni wa kupima: kinalia hapa na pale kinapojifunza ishara kali ni ya kiwango gani. Usiandike kitu bado.
4. Rudia njia ile ile, kwa umbali na mwelekeo ule ule wa mkono. Sasa kilie kwenye breka moja.
5. Zima breka hiyo. Taa ya kitumaji izimike. Ikiendelea kuwaka, breka siyo hiyo, hata kipokezi kilie kwa nguvu namna gani.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha kuotea na kujua.

Kipokezi kikilia kwenye breka mbili, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni mkono wako. Koili ya kipokezi ina upande wake. Ukikigeuza robo mzunguko katikati ya safu, breka sahihi inanyamaza na jirani yake inasikika. Angalia maelezo ya mtengenezaji yanasema kishikwe bapa au wima, kisha shikilia hivyo hivyo mpaka mwisho. Sababu ya pili ni kisanduku chenye breka za aina mchanganyiko. Koili ya breka moja iko karibu na kitufe, ya nyingine iko chini karibu na skrubu ya waya, na breka zenye RCD ndani yake (kinga inayokata umeme mkondo unapovuja nje ya njia yake) zimepangwa tofauti tena. Katika kisanduku cha namna hiyo, pitisha kipokezi mara mbili: mara moja usawa wa vitufe, mara moja usawa wa mahali nyaya zinapoingilia. Sababu ya tatu ni betri ya kipokezi kuishiwa, na hii hutoa majibu ya ajabu kabla kifaa hakijazimika kabisa.

Saketi ya taa haina soketi, kwa hiyo angalia kama seti inakuja na adapta ya kukazwa kwenye kishikilia balbu, au nyaya fupi zenye klipu. Klipu hizo ni za fundi: unazifunga umeme ukiwa umezimwa, unasogea, ndipo unawasha. Angalia pia volti. Kuna vitumaji vya mifumo ya volti 120 pekee, na ukikichomeka kimoja kwenye volti 230 kwa adapta ya umbo la plagi, kitaungua. Adapta inabadili umbo la plagi na kuacha volti kama zilivyo.

Kitu kingine kinachochanganya watu: kitumaji kikiwa nyuma ya UPS au transfoma, ishara haifiki kwenye breka, kwa sababu upande wa pili wa transfoma ni saketi nyingine kabisa. Chomeka kwenye soketi inayolisha UPS, si kwenye UPS yenyewe.

Seti ya toni

Hii ni ya nyaya za simu, intaneti, kengele za tahadhari na spika. Kitumaji kinatia sauti ya kupanda na kushuka kwenye waya, na kijiti cha kupokea kinailiza kupitia ganda la plastiki bila kugusa shaba. Sauti hubadilika makusudi, ili sikio lisiichanganye na mvumo wa umeme wa hezi 50 au 60 unaozagaa kila mahali.

Usiifunge kwenye waya wenye umeme wa nyumba. Haijatengenezwa kwa volti hizo na itaharibika, pengine mkononi mwako.

Kwenye nyaya za umeme zilizozimwa na kufunguliwa ncha zote mbili, inafanya kazi vizuri kwa kutambua waya upi ni upi. Funga klipu nyekundu kwenye waya unaotafutwa na nyeusi kwenye ethi (waya wa ardhini). Ukizifunga zote mbili kwenye nyaya zilizosokotwa pamoja, sauti inapungua sana kwa sababu ile ile ya nyaya mbili kufutana. Udhaifu wake mkuu ni kwamba sauti inarukia nyaya jirani, hivyo bando zima linalia. Kwa nyaya za jozi kuna dawa: umefunga kitumaji kwenye jozi, umepata inayolia zaidi upande wa pili, sasa gusanisha ncha zake mbili. Sauti ikikatika, ndiyo yenyewe. Ikiendelea, unasikia jirani.

Kifuatiliaji cha kitaalamu

Hapa kitumaji kina nguvu zaidi, kipokezi kina skrini inayoonyesha ukali wa ishara kwa namba, na kuna hali mbili za kazi. Baadhi ya vifaa vya daraja hili hutumia takriban kilohezi 6 kwa waya wenye umeme na takriban kilohezi 33 kwa waya uliozimwa. Kwenye waya wenye umeme, kitumaji huvuta mkondo na kipokezi hufuata uga wa sumaku, kwa hiyo mwelekeo wa ncha ya kipokezi una maana. Kwenye waya uliozimwa hakuna mkondo wa maana. Kitumaji huupa waya volti yake na kipokezi hufuata uga wa umeme, ambao haujali sana umekigeuza vipi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila lalamiko juu ya vifaa hivi.

Chukua waya wenye umeme ukutani. Ukiunganisha kitumaji kati ya fezi na nyutro za soketi ile ile, utapata breka vizuri, ila ukutani ishara itakuwa hafifu na utalaumu kifaa. Ili kufuata njia, mkondo wa kurudi lazima upite mbali na ule wa kwenda. Fezi ibaki pale pale, lakini waya wa pili wa kitumaji uupeleke kwenye ethi ya pembeni kwa waya mrefu: fimbo iliyopigwa ardhini, kwa mfano. Ulaze waya huo mita kadhaa mbali na ukuta unaouchunguza. Ishara inaongezeka sana. Gharama yake ni kwamba mkondo huu unatoka kwa fezi na haurudi kwa nyutro, na hicho ndicho breka ya RCD inachokitafuta, inaweza kutripu. Kama saketi iko chini ya RCD, zima umeme na utumie hali ya waya uliozimwa.

Chukua sasa waya uliozimwa. Klipu moja kwenye waya, nyingine kwenye ethi ya mbali, tena isiwe ethi ya kebo hiyo hiyo, kwa sababu inakwenda sambamba na waya na kuzuia uga usitoke. Mifuniko ya chuma iliyounganishwa na ethi nayo inauzuia: waya ulio ndani ya bomba la chuma au kebo yenye deraya hausikiki kwa hali hii hata ukiongeza usikivu mpaka mwisho. Unaweza kuusikia kwenye visanduku vya viungo tu, ukifungua na kuzitenganisha nyaya kwa vidole. Zege lenye nondo na plasta yenye unyevu hupunguza ishara pia, ingawa si kwa kiwango hicho.

Kutafuta mahali waya ulipokatika ndiyo kazi inayokitofautisha kifaa hiki na vingine vyote kwenye jedwali, na ina sharti moja ambalo wengi hawalitimizi. Umeme ukiwa umezimwa, funga kitumaji kwenye ncha moja ya waya uliokatika. Kisha nyaya nyingine zote za kebo hiyo, pamoja na ncha ya mbali ya waya uliokatika, ziunganishwe na ethi. Ukiziacha zikining'inia, ishara inarukia nyaya jirani, inavuka pale palipokatika na kuendelea kama kawaida. Zikiwa zimefungwa kwenye ethi, unatembea na kipokezi ukutani na namba inaporomoka ghafla. Weka alama. Rudi, funga kitumaji upande wa pili, tembea kinyume, weka alama ya pili. Chimba katikati ya alama hizo mbili.

Kuhusu usikivu: anza juu ukiwa mbali, punguza kila unapokaribia. Watu huuacha juu, na kisanduku kizima kinaonyesha namba ya mwisho. Mbele ya breka, shusha mpaka ibaki moja tu inayosoma.

Baadhi ya seti huja na klampu ya kutilia ishara bila kugusa shaba. Inafaa pale usipoweza kufikia ncha ya waya, mradi saketi iwe imefungwa pande zote mbili ili mkondo uweze kuzunguka. Kwa nyumba za kawaida ni anasa. Viwandani na kwenye majengo makubwa, ilipie.

Maltimita, waya mrefu na rezista chache

Njia hii haitangazwi kwa sababu karibu kila fundi ana maltimita tayari. Umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na kuthibitishwa, fungua waya unaotafutwa ncha zote mbili, funga waya mrefu upande mmoja, na upime upande mwingine. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7.4 kwa mita, kwa hiyo mita 30 ni kama omu 0.22. Waya mrefu wa milimita za mraba 1.5 unaongeza omu 0.36 hivi kwa urefu huo huo. Kipimo cha chini ya omu 1 ni jibu zuri. Ukisoma makumi ya omu, unapima kupitia kifaa kilichosahauliwa kwenye soketi, au kiungo kimelegea.

Zikiwa nyaya sita zisizo na alama zinaingia kisandukuni, usikimbie huku na huku mara sita. Upande wa mbali, funga rezista tofauti kati ya kila waya na ethi: kilo-omu 1, 2.2, 3.3, 4.7, 6.8 na 10. Rudi kisandukuni, pima kila waya dhidi ya ethi, soma thamani, andika jina. Mtu mmoja, safari moja. Rezista hizi ni vitu vya senti, na kwa kazi ya aina hii zinakishinda kifaa cha kitaalamu, kwa sababu kipimo cha rezista hakirukii kwa waya jirani. Zitoe zote kabla ya kurudisha umeme.

Ile njia ya zamani ya kuzima breka moja moja huku taa au redio ikisikilizwa chumbani bado ina nafasi yake nyumbani. Inashindwa pale saketi zinapolisha kompyuta, friji za dawa au mitambo ya ulinzi. Breka zilizozeeka nazo, ambazo hazijaguswa kwa miaka, wakati mwingine hukataa kurudi zikishazimwa.

Nyutro, na kile ambacho hakuna kifaa kinachokithibitisha

Kutafuta nyutro ni kugumu kuliko fezi kwa sababu nyutro zote zinakutana kwenye baa moja. Ukitia ishara kwenye nyutro moja, inasambaa kwa zote. Lazima uifungue kutoka kwenye baa, swichi kuu ikiwa imezimwa. Usiifungue kamwe saketi ikiwa na umeme: kama nyutro hiyo inatumiwa kwa pamoja na saketi mbili za fezi tofauti, kuiachia kunaziunganisha saketi hizo kwa mfuatano kati ya fezi na fezi, na katika mfumo wa volti 230 kwa 400 vifaa vya upande mmoja vinaweza kupokea volti nyingi kiasi cha kuungua. Nyutro iliyoazimwa kutoka saketi nyingine, hasa kwenye taa za ngazi zenye swichi mbili, inaweza pia kuwa na moto baada ya breka "sahihi" kuzimwa.

Kipokezi kunyamaza si ushahidi kwamba waya hauna umeme. Hakikupima volti, kilisikiliza ishara yake tu. Soketi pacha inaweza kulishwa na breka mbili, upande mmoja kila moja. Kabla ya kugusa shaba, tumia kipima volti cha ncha mbili: kijaribu kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima waya wako fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi na nyutro kwa ethi, kisha rudi ukijaribu tena kwenye chanzo kile kile. Testa ya kalamu isiyogusa waya haitoshi kwa hatua hii. Maltimita ya kawaida nayo inaweza kuonyesha volti za mzuka kwenye waya usiounganishwa na kitu, kwa sababu haivuti mkondo wa kutosha kuziondoa.

Unapokishika kifaa kabla ya kulipa

Soma alama ya CAT, yaani daraja la usalama la kifaa kulingana na mahali kinapotumika, iliyochapwa kwenye mwili wa kifaa na kwenye nyaya zake pia. Kwa kazi ya soketini CAT II inatosha. Kwa kazi ya kisanduku cha breka taka CAT III kwa volti 600 au zaidi. Kwenye nyaya zinazoingia kutoka mita ya umeme, CAT IV. Nyaya za daraja la chini huishusha seti nzima. Angalia kiwango cha volti cha kitumaji, aina ya betri na kama mfuniko wake unafungwa kwa skrubu. Uliza kama nyaya zenye klipu ziko ndani ya boksi au zinauzwa kando, kwa maana kwa seti za plagi mara nyingi ziko kando. Ukifika nyumbani, kijaribu kwanza kwenye saketi ambayo breka yake unaijua kwa hakika, kisha kwenye breka iliyo jirani nayo.